Mama mkwe anasema sufuria yangu ndiyo iliyouharibu moyo wa mume wangu

BARUA

Shikamoo mama.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, wateja wa mchana wameshaondoka. Mimi ni mama lishe hapa Tanga, mwaka wa 14 huu, na umri wangu ni miaka 46. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori na utingo wao. Mume wangu naye ni dereva wa lori, tulijuana zamani, kabla ya kibanda hiki, kwenye sahani ya wali maharage. Yeye ana miaka 52. Nyumbani tuko sita: sisi wawili, watoto watatu, na mtoto wa marehemu dada yangu.

Presha yake ilijulikana miaka 9 iliyopita alipokwenda kung'oa jino. Daktari wa meno alimpima akagoma kuling'oa mpaka presha ishuke. Alitumia dawa kama miezi minne kisha akaacha. Alisema hasikii maumivu yoyote, tena wenzake wa barabarani walimwambia dawa za presha zinammaliza mwanaume. Sikushindana naye.

Mwaka jana akaanza kuchoka. Akipanda ngazi ya lori anasimama kwanza, anahema. Usiku, saa nane hivi, anashtuka, anakwenda kufungua dirisha kutafuta hewa. Alianza na mito miwili, ikawa mitatu, mwishowe akawa analala kwenye kochi amekaa. Akawa anakohoa. Dukani tulinunua dawa za kifua mara tatu, pamoja na diklofenaki za mgongo wake ambazo amezoea tangu zamani. Mmoja akasema pumu, mwingine akasema TB, makohozi yakapimwa hakuna kitu. Viatu vikawa havimwingii. Shemeji yangu akasema kakanyagishwa kitu, twende kwa mtaalamu, na huko pesa yetu ilikwenda nyingi tu.

Mwezi wa pili alizidiwa, tukamkimbiza hospitali. Alichomwa sindano ya kutoa maji, akakojoa usiku kucha, asubuhi akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Walimpiga kipimo cha eko wakasema moyo umetanuka, unasukuma asilimia 35. Mama, nikapiga hesabu kimoyomoyo: kumbe asilimia 65 umeshakufa. Hesabu hiyo sijamwambia mtu.

Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kumuuguza mwanawe. Siku ya kwanza tu alifunua sufuria, akaonja mchuzi, akasema mbele ya majirani: "Chumvi hii na mafuta haya ndiyo yaliyomla mwanangu. Mimi nilikukabidhi mtu mzima." Sikumjibu, ni mama yangu. Lakini usiku nalia. Mimi ndiye niliyempikia miaka 25. Kama ni kweli, basi na wale madereva wote ninaowalisha nawaua.

Tangu atoke hospitali nampikia sufuria yake peke yake, haina chumvi kabisa. Anakula vijiko viwili anaisukuma. Juzi nilimkuta usiku jikoni anakula kwenye sufuria yetu amesimama. Mama yake ameleta mizizi na shubiri, anasema vidonge vyote hivyo vitamuua figo. Ndugu wanasema asinyanyue hata ndoo, akae tu. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 24, anaendesha bodaboda, amenenepa na sigara anavuta kama baba yake. Nauliza: ni mimi niliyemuumiza? Atapona? Na watoto wangu watapita njia hiyohiyo? Tena Ramadhani itafika, naye anasema lazima afunge.

Mama Lishe Mwenye Mawazo, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole, na pole tena kwa kilio cha usiku ambacho hukumwonyesha mtu.

Nianze na hesabu yako ya asilimia 65, maana imekulaza vibaya bure. Kipimo cha eko hakipimi moyo wenye 100 ukatoa uliokufa. Kinapima hivi: chumba cha kushoto cha moyo kikijaa damu, moyo unapopiga unatoa sehemu gani ya damu hiyo. Hata moyo mzima kabisa hautoi yote. Mtu mwenye afya hutoa kati ya asilimia 55 na 70, nyingine hubaki. Kwa hiyo mume wako ana 35 pale ambapo mwenzake mzima ana 60 hivi. Ni upungufu mkubwa, sikufichi, moyo wake ni dhaifu na ugonjwa huu unaua. Lakini haujafa, na namba hiyo si ya kudumu. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, nimeona watu wakirudi baada ya miezi sita au mwaka wa dawa na uangalifu, namba imepanda, mtu anapanda ngazi bila kusimama. Si wote. Wapo hata hivyo, na wengi wao ni wale ambao nyumba nzima ilibadilika pamoja nao.

Sasa la sufuria. Jibu langu ni hapana, si wewe uliyemuumiza. Wala sisemi chumvi haihusiki. Inahusika sana. Ila kilichomla mume wako, kwa jinsi ulivyonieleza, ni presha iliyokaa karibu miaka 9 bila dawa. Moyo wake ulikuwa kama msukuma mkokoteni anayepandisha mlima kila siku, mzigo uleule, hapumziki hata akilala. Mwanzoni msuli unatuna, unakuwa mnene, na mtu hasikii chochote, ndiyo maana akasema hana ugonjwa. Halafu unachoka. Unalegea kama lastiki ya sketi iliyovutwa mno, chumba kinatanuka, damu haisukumwi mbele vizuri; huko ndiko kunaitwa moyo kushindwa kazi. Ikishindwa kwenda mbele inarudi nyuma: maji yanajaa kwenye mapafu, ndiyo yale ya kushtuka saa nane na kutafuta dirisha, na yanashuka miguuni, ndiyo vile viatu. Hakukanyagishwa kitu na mtu. Mwambie shemeji yako kwamba sindano ile ya kutoa maji iliyomlaza chali usiku mmoja ndiyo jibu la miguu ile.

Wala mumeo si wa kwanza. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika. Karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, umri wa mumeo hasa. Ulaya na Marekani ugonjwa huu kwa kawaida huwakuta watu wakiwa na miaka 70 na kitu, wameshastaafu, wameshasomesha. Huku kwetu unawachukua wakiwa kwenye usukani, watoto bado wanadai ada. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu kipimo cha presha ni mkanda wa mkononi wa dakika tatu.

Ziko na nyingine ambazo hukuzitaja kama lawama lakini zimo katika barua yako. Sigara. Kukaa kwenye usukani mchana kutwa. Zile diklofenaki za mgongo, nazo nataka nikae hapo kidogo. Dawa hizo, pamoja na ibuprofeni na ndugu zao, hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na huzisumbua figo. Kwa mtu ambaye moyo umeshachoka zinaweza kumrudisha kitandani hospitali ndani ya siku chache. Zinauzwa kila duka, hakuna anayekuuliza. Kuanzia leo asimeze tena, wala gesti ya barabarani, wala kwa rafiki. Mgongo ukiuma amwambie daktari wake, zipo dawa nyingine. Na kama huko njiani anatafuna mirungi au anakunywa makopo ya kuongeza nguvu ili asisinzie, hayo nayo yanausukuma moyo na presha yake. Mirungi hapa nchini ni kosa kisheria pia, lakini mimi nazungumzia moyo.

Huenda unajiuliza kama kubadili tabia kunasaidia kitu. Nitakupa mfano mmoja. Huko Marekani walifuatwa madaktari wanaume 20,900 kwa zaidi ya miaka 20, matokeo yakatoka mwaka 2009. Waliangaliwa mambo sita ya kawaida kabisa: uzito wa wastani, kutovuta sigara, mazoezi ya mara kwa mara, pombe kwa kiasi, nafaka asubuhi, matunda na mboga. Kwa wale wasiokuwa na hata moja katika hayo mema, hatari ya kupata moyo kushindwa kazi katika maisha yao yaliyobaki ilikuwa kama mtu 1 kati ya 5. Waliokuwa na manne au zaidi, 1 kati ya 10. Nusu yake. Wale walikuwa madaktari, wenye mishahara na hospitali karibu, na wote wanaume, kwa hiyo sisemi namba zile ni za Tanga. Na kwa habari ya pombe, asiyekunywa asianze kwa kisingizio cha utafiti, na mwenye moyo uliotanuka aiache. Nilichokipenda ni kwamba hakuna jambo moja lililobeba yote. Ulikuwa mjumuiko wa vitu vidogo vya kila siku. Ndiyo maana mkweo hawezi kuonja mchuzi mmoja akatoa hukumu ya miaka 25.

Twende jikoni, maana wewe ni mpishi na hapo ndipo una nguvu kuliko daktari yeyote.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chumvi yote, ya kupikia na ya kujiongezea mezani. Wengi nikiwaambia hivyo wanaitikia kisha wanarudi nyumbani hawajui wapimeje. Wewe pima kwa pakiti. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Nyumba yenu ni ya watu sita, gramu 5 kila mmoja ni 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti hiyo isiishe kabla ya siku 16. Andika tarehe juu ya pakiti kwa kalamu siku unayoifungua. Ikiisha kwa wiki moja, kila mtu ndani ya nyumba anakula karibu gramu 12. Na hapo hatujahesabu iliyojificha, na iliyojificha ndiyo nyingi kwenye mapishi yetu ya pwani: ng'onda na papa mkavu, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, viungo vya mchuzi vya pakiti, soseji, achari, embe mbichi ya chumvi na pilipili ambayo watoto wanaramba mpaka kidole. Magadi pia. Watu hawaamini nikisema, kwa sababu hayana ladha ya chumvi, lakini yale magadi ya kulainishia maharage na kisamvu yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, inayoshikilia maji mwilini. Loweka maharage usiku, mwaga maji yake, yatalainika bila magadi. Ng'onda, kama mkweo hawezi kuishi bila huyo samaki, amloweke saa nyingi akibadilisha maji mara mbili tatu, na mumeo asile.

Ila ile sufuria ya mgonjwa, mwanangu, iondoe. Najua uliiweka kwa mapenzi. Lakini mtu aliyetoka hospitali anaogopa kufa, kisha kila jioni anawekewa bakuli lake pembeni kama mtu aliyetengwa, chakula kimepoa ladha, watoto wanamwangalia. Ataiba usiku, kama alivyoiba. Pika sufuria moja yenye chumvi kidogo kwa nyumba nzima. Usiiondoe yote kwa siku moja, punguza robo wiki hii, robo nyingine baada ya wiki mbili, na kibakuli cha chumvi kisikanyage tena kwenye mkeka wa kulia. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na ukishazoea, chakula cha zamani utakiona kichungu kwa chumvi. Weka ndimu, weka ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu cha kutosha, bizari, pilipili manga, giligilani. Wewe ni wa pwani, sina la kukufundisha kwenye viungo. Kitu kimoja tu: zile chumvi zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha kama mbadala, usinunue mpaka umuulize daktari, kwa sababu nyingi zina madini ya potasiamu, na baadhi ya dawa za moyo tayari zinapandisha potasiamu kwenye damu. Ikizidi, moyo unaweza kupiga ovyo, hata kusimama.

Mafuta nitapita haraka. Kwa ugonjwa wa mume wako chumvi ni kubwa kuliko mafuta. Punguza ya kukaangia, usirudie mafuta yaliyokuwa meusi, tui zito lisiwe la kila siku. Mboga na matunda viongezeke, mchicha, matembele, chungwa moja baada ya chakula. Inatosha.

Kibandani kwako usijione muuaji. Jiulize tu pakiti ya nusu kilo inatosha sahani ngapi. Ikitosha sahani 250, kila sahani ina gramu 2, na huyo dereva bado ana nafasi ya chakula cha jioni. Ikiisha kwa sahani 100, kila sahani ina 5, umempa ya siku nzima kwa mlo mmoja. Kibakuli cha chumvi kitoe mezani, weka sahani ya ndimu zilizokatwa. Anayetaka chumvi aombe. Utashangaa wangapi hawaombi.

Sasa dawa, na hapa nitasema kwa sauti. Chakula hakitachukua nafasi ya vidonge. Wala mizizi, wala chai ya rozela, wala mlonge. Dawa alizopewa nyingine zinautua moyo mzigo, nyingine zinatoa maji, na zikitumiwa pamoja bila kukatizwa zinaongeza umri. Akijisikia vizuri, ni kwa sababu anazimeza. Kosa la miaka 9 iliyopita lilianza kwenye neno "nimepona". Habari ya nguvu za kiume izungumzwe waziwazi, wewe na yeye, kisha na daktari. Presha yenyewe na sigara vinaharibu mishipa inayopeleka damu huko, mara nyingi kuliko dawa. Na ikiwa ni dawa kweli, zipo za kubadilishia, daktari atabadilisha. Asichopaswa kufanya ni kununua kimyakimya vidonge vya kuongeza nguvu: vikikutana na baadhi ya dawa za moyo, presha inaweza kushuka ghafla akafa.

Nunua mizani ya kusimama. Kama pesa haijatosha, nendeni mkapimie duka la dawa lilelile kila mara. Apimwe asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, na aandike kwenye daftari. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, huo si unono, ni maji, msisubiri tarehe ya kliniki. Akianza tena kuongeza mito, kikohozi cha usiku kikirudi, tundu la mkanda likabadilika, nendeni. Akibanwa na pumzi amekaa tu, au kifua kikimuuma, au akizimia, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni saa kumi alfajiri.

Ndugu wanaosema akae tu wanampenda, lakini wanakosea. Akikaa, misuli inalegea na moyo unabeba kazi kubwa zaidi kwa hatua ileile. Daktari wake akisharidhika kuwa ametulia, aanze kutembea, dakika 5 au 10 barabara iliyo sawa, jioni jua likipoa, aongeze kidogo kidogo. Kipimo chake ni maneno: anatembea huku anaongea nawe bila kukata pumzi. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Nenda naye. Nyinyi wengine wazima lengo lenu ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo. Mumeo kunyanyua magunia na kusukuma lori, hayo hapana. Na kazi ya safari ndefu asirudi mpaka daktari aseme.

Ramadhani. Mpelekeni kwa daktari mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuamkia mwandamo. Moyo wenye asilimia 35 na dawa za kutoa maji, kisha saa 13 bila tone, ni hatari ya kweli. Kurani imempa mgonjwa ruhusa, ipo katika Sura ya Al-Baqara, na ambaye hatarajii kuweza kulipa hulisha maskini kwa kila siku. Mtafute sheikh wa mtaani anayeaminika aongee naye, kwa sababu mwanaume kama mumeo akiambiwa na mkewe ataona amehurumiwa. Akimsikia sheikh na daktari wanasema jambo moja, atatulia. Na wewe ni mama lishe, kulisha maskini mnaweza kufanya pamoja, yeye akiwapakulia.

Mkweo sasa. Usimjibu, umefanya vema. Yule ni mama anayemwona mwanawe hapandi ngazi, anatafuta wa kumlaumu ili maumivu yawe na jina. Kliniki ijayo mwende naye. Mwombe daktari amweleze yeye mwenyewe habari ya ile miaka 9, wewe kaa kimya. Kisha umwombe muuguzi ampime na yeye presha papo hapo, maana presha hutembea katika ukoo na huenda naye anayo. Mizizi usiitupe mbele yake. Mwambie, "Mama, naomba tuiweke kwanza, daktari aione." Ila shubiri nakuomba isimfikie. Inaharisha, na anayemeza dawa ya kutoa maji akiharishwa anapoteza maji na potasiamu kwa njia mbili, moyo unaweza kupiga ovyo. Kuhusu figo, ana haki ya kuogopa, wala si ujinga. Ndiyo maana daktari hupima damu ya figo kila baada ya muda. Mwambie hivyo.

Kama mikono yake inatafuta kazi, mpe kazi. Mkabidhi lile daftari la uzito. Au ampikie mwanawe mchuzi wa samaki wa kupaka, kwa ndimu na tangawizi, bila chumvi ya ziada, aone ugumu wake na ustadi wake.

Watoto. Iko mioyo ya kurithi, mwambie daktari kama kuna ndugu wa mumeo aliyekufa ghafla akiwa kijana, ili aangalie vizuri. Lakini mara nyingi kinachorithiwa ni mwelekeo wa presha pamoja na sufuria, kochi na sigara. Huyo wa miaka 24 kaa naye, usimtishe kwa kaburi, vijana hawalisikii kaburi. Mwombe awe anamsindikiza baba yake kutembea jioni. Atamwona anavyohema. Apimwe presha, akiwa chini ya 120/80 ashukuru na arudie kila mwaka, akikutwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti asiondoke bila mpango. Sigara aiache sasa. Faida yake huanza mapema, na kwa umri wake mishipa ina nafasi kubwa ya kujirekebisha. Na baba yake asivute mbele yake tena, wala nyuma yake.

Nimesoma barua yako mara nne. Umenieleza presha ya mumeo, pumzi yake, miguu yake, uzito wa kijana, hasira ya mkweo. Hukuandika hata mstari mmoja juu ya mwili wako. Una miaka 46, umesimama mbele ya moto na moshi miaka 14, unaonja mchuzi kila saa, hulali. Jumatatu kabla hujawasha jiko nenda zahanati yoyote iliyo karibu, kaa kimya dakika tano bila kuongea, mkono uegemee meza, upimwe. Kisha niandikie tena, na mstari wa kwanza wa barua uwe namba yako.